Wacheki walikosea kuwaachia wakomunisti wao mwaka 1989?

Mwinyi_Pangani (mleta mada)

Wadau, naleta hili kwa sababu limenikera. Mwaka 2025 Wacheki walirekebisha sheria yao ya jinai: anayeeneza ukomunisti amewekwa fungu moja na anayeeneza unazi, na kifungo kinafika miaka mitano. Aliyetia saini ni Rais Petr Pavel, ambaye kabla ya 1989 mwenyewe alikuwa na kadi ya chama. Mwaka 2023 alipoingia duru ya pili ya uchaguzi alipambana na Andrej Babiš, naye mwanachama wa zamani. Zaidi ya miaka 30 baada ya mapinduzi ya 1989 yaliyouondoa utawala wa kikomunisti, mpiga kura anaambiwa achague kati ya makada wawili wa juzi. Sheria imekuja waliofungwa na kunyongewa ndugu zao wengi wameshazikwa.

Mimi nasema kosa lilifanyika siku za mwanzo kabisa. Tarehe 17 Novemba 1989 wanafunzi walipigwa virungu barabara ya Národní, Praha. Tarehe 27 nchi nzima ikagoma kwa saa mbili, kuanzia saa sita mchana hadi saa nane. Watu walijaa viwanjani wakitikisa funguo. Chama kilikuwa kimekata pumzi. Badala ya kukimaliza, wapinzani wakakaa nacho mezani. Tarehe 29 Desemba Václav Havel, mwandishi na kinara wa wapinzani, akapewa urais na bunge lilelile la wakomunisti, kwa kura ya wazi, bila hata mmoja kupinga, na aliyewaweka sawa wabunge ni Marián Čalfa, waziri mkuu aliyetoka chama hichohicho. Chama hakikufungiwa. Kilikaa bungeni mpaka 2021, wapiga kura walipokitoa wenyewe.

Na wananchi nao tuseme ukweli. Baada ya 1968, majeshi ya Kisovieti na washirika wake yalipoingia kuzima mageuzi, walinyamaza miaka 20. Ijumaa mchana wanafunga ofisi, wanakwenda kwenye vibanda vyao vya mashambani kupanda nyanya, Jumatatu wanarudi kupiga makofi. Waliotajirika baadaye ni wakubwa walewale. Hata Bata aliyevisha dunia nzima viatu, aliporudi kwao Zlín Desemba 1989 hakurudishiwa kiwanda.

Je, ule usamehevu ulikuwa hekima au ulikuwa woga?

LimuruDamu

Mkuu, mada nzito, lakini hapo kwa Bata umenichokoza. Unamzungumzia kama maskini aliyenyang'anywa sahani ya mwisho. Bata hakulala njaa hata siku moja. Alipokwenda Kanada viwanda vya nje viliendelea, na kimoja kiko hapa kwetu Limuru. Sisi tumekua na kile kiwanda. Mshahara wake umejenga nyumba na kusomesha watu wa tarafa nzima.

Waliopoteza ni watu wa Zlín, si Bata. Mji wao ulibadilishwa jina ukaitwa Gottwaldov, kwa heshima ya rais wa kwanza wa kikomunisti, Klement Gottwald. Kiwanda kikaitwa Svit. Kwa miaka 40 mtoto aliyezaliwa mji ule hakuona jina la Bata kwenye kiatu, wakati mtoto wa Limuru alikuwa nalo mguuni kila Jumatatu akienda shule. Kwa hiyo ukitaka kuniuliza Bata ni wa nani, jibu langu liko wazi.

MamaVeronika

Kaka Mwinyi, nimesoma mpaka kwenye nyanya nikashindwa kuendelea. Mimi ni mtu wa Mombasa, nimeolewa Brno na ninaishi huku. Hicho kibanda unachokidharau ninacho, nikarithi na mama mkwe ndani yake.

Baba mkwe alikuwa mhandisi na mwanachama wa chama. Mwaka 1970 kila mwanachama aliitwa mbele ya kamati. Swali lilikuwa moja, hata wakilizungusha vipi: unakubali kwamba majeshi yaliyoingia Agosti 1968 yalikuja kutoa msaada wa kindugu? Ukisema ndiyo, unarudi kazini. Yeye alisema hawezi kuuita msaada. Hakufungwa, hakupigwa. Alivuliwa kadi, kisha kazi, na akamaliza maisha yake akichochea makaa kwenye tanuri la kupasha joto majengo ya mtaa. Huku walikuwako wachochea makaa na waosha madirisha wengi wenye shahada.

Haikuishia kwake. Kila mtoto alikuwa na taarifa ya makada inayomfuata shuleni, imeandikwa wazazi ni watu wa namna gani. Mume wangu alikuwa na alama nzuri, lakini sekondari ya kwenda chuo kikuu alinyimwa. Akapelekwa kujifunza ufundi wa mashine za kukereza vyuma. Hajawahi kulisema hili mbele ya wageni.

Sasa hicho kibanda: mbao zake waliokota, madirisha yalitoka kwenye jengo lililobomolewa. Ndiko mahali pekee walipoweza kuzungumza kwa sauti ya kawaida mbele ya watoto wao. Nyanya walipanda kwa sababu dukani hazikuwapo. Mwite mtu huyo mwoga ukiwa umekaa Pangani, upepo wa bahari unakupuliza.

KijanaWaKigamboni

Samahanini wakubwa, mimi siku zote najua Bata ni kampuni ya Kenya, wengine mtaani wanasema ya Wahindi. Leo ndiyo nasikia Ucheki. Na huyo mzee Bata si aliuawa na wakomunisti? Nimewahi kusikia hivyo.

LimuruDamu

Kijana, tulia nikueleze. Aliyekufa ni baba, Tomáš Baťa, aliyeanzisha kampuni na ndugu zake pale Zlín mwaka 1894. Alikufa Julai 1932 kwa ajali ya ndege, asubuhi ya ukungu, ndege ilipotoka tu kuruka. Wakomunisti hawakuwa madarakani wala Hitler alikuwa hajashika nchi yake mwenyewe. Aliyerudi 1989 ni mtoto wake, naye anaitwa Tomáš, ndiyo maana watu wanachanganya.

Katikati yao kuna mtu wa tatu ambaye wengi hawamjui, Jan Antonín, kaka wa mzee kwa baba. Huyo ndiye aliyejenga ghorofa la makao makuu pale Zlín, ghorofa 16, likamalizika vita inakaribia. Ofisi yake ilikuwa ndani ya lifti. Chumba kizima, meza, simu, na sinki la kunawia lenye maji, kinapanda na kushuka, ili bosi aende kwa mfanyakazi badala ya mfanyakazi kupanda kwa bosi. Mwaka 1947 wakamhukumu akiwa hayupo kwamba hakupinga Wajerumani ipasavyo. Akafia Brazili.

Hiyo ndiyo familia mnayoitaja kwa mstari mmoja.

Ngosha77

Mama Veronika, pole kwa ya mzee, heshima yake iko palepale. Lakini mzee mmoja aliyesema "hapana" haliondoi swali la mleta mada. Chama kilikuwa na wanachama kama milioni 1.7 katika nchi ya watu milioni 15 na kitu. Tamko la haki la Mkataba wa 77 lilipotoka Januari 1977, waliothubutu kutia sahihi mwanzoni walikuwa mia mbili na kidogo. Wengine wote walikuwa wapi? Mpaka wanafunzi waliuawa 1989 ndipo watu wakatoka.

Hata mashujaa wao walirudi nyuma. Emil Zátopek, yule mkimbiaji, 1968 alisimama na wanamageuzi, halafu miaka michache baadaye akalegea na kujitenga na maneno yake hadharani. Kama Zátopek alikunja mkia, raia wa kawaida utamdai nini? Taifa zima lilijifunza kuishi na nyuso mbili, ya nyumbani na ya kazini.

Mkimbiaji_Iten

Ngosha, mtaje mwingine yeyote, Zátopek mwache.

Huyu ni mtu aliyeshinda mita 5,000, mita 10,000 na marathoni katika Olimpiki moja, Helsinki 1952, na ile marathoni ilikuwa ya kwanza maishani mwake. Hakuna aliyerudia mpaka leo, hata sisi tunaojiita wenye mbio. Mwaka 1966 alimpa Ron Clarke wa Australia moja ya medali zake za dhahabu kwa sababu aliona anastahili na hakuwahi kuipata. Mwaka 1968 alikuwa kanali wa jeshi. Angenyamaza angezeeka na cheo. Alizungumza dhidi ya uvamizi, wakamtoa kwenye chama, wakamtoa jeshini, wakamtuma kufanya kazi na watu wanaochimba visima vya kupima ardhi, analala kwenye kigari huko maporini, mbali na mke wake, miaka.

Baada ya kumsaga hivyo ndipo wakapata yale maneno waliyoyataka. Wewe unayaita kukunja mkia. Mimi mwanariadha najua mwili unavyofika mwisho, na sioni kwa nini roho isiwe na mwisho wake. Futa hilo neno.

Mwinyi_Pangani

Mama Veronika, sijamtukana baba mkwe wako, na "upepo wa bahari" hukuwa na haja ya kunipiga nao. Unanijua mimi nimepitia nini? Huku kwetu nako watu wamenyamazishwa.

Tena maelezo yako yananipa nguvu. Ile kamati iliyomuita mzee ilikuwa na watu. Waliketi, waliuliza, waliandika. Baada ya 1989 walikwenda wapi? Walibaki mtaa uleule, wakapokea pensheni kubwa kuliko ya mchochea makaa kwa sababu mishahara yao ilikuwa mikubwa. Nauliza kuhusu hao, wewe unanijibu kuhusu nyanya.

BwanaSheria

Ngosha, kwa kumbukumbu tu: hakuna mwanafunzi aliyeuawa tarehe 17. Ulikuwa uvumi, ulitajwa hata jina, ukatangazwa na redio za nje, na mwenye jina akaonekana mzima. Lakini uvumi huo ndio uliowatoa watu majumbani. Walioumizwa kwa kipigo walikuwa mamia.

MwanaWaDaktari

Assalaam aleikum. Nimeona mjadala unakwenda upande mmoja tu, kana kwamba mfumo ule ulikuwa giza tupu. Mimi ni mtu wa Unguja. Baba yangu, Mungu amrehemu, alisomea udaktari Chekoslovakia miaka ya 60. Praha kulikuwa na chuo kikuu maalumu kwa vijana wa Afrika, Asia na Amerika Kusini, Chuo Kikuu cha 17 Novemba, kilichofunguliwa 1961 na kufungwa 1974. Jina hilo halikutoka kwenye mapinduzi haya mnayojadili. Lilitoka 1939, Wajerumani walipofunga vyuo vyote vya Kicheki tarehe hiyohiyo.

Baba alifika mwezi wa baridi na kanzu na viatu vya wazi. Alipewa koti zito, buti na soksi za sufi, akafundishwa Kicheki kwanza, kisha udaktari, bila kulipa senti. Akarudi akatibu watu mpaka alipostaafu. Uliza leo ni nchi gani ingemfanyia hivyo mtoto wa mvuvi.

Na mwaka 1985 walipokea watoto 56 wa Namibia kutoka kambi za wakimbizi za SWAPO, chama kilichopigania uhuru wa Namibia. Watoto wale walikulia kule, wakaota ndoto kwa Kicheki. Mfumo ulipoanguka, 1991 wakapandishwa ndege kurudishwa nchi wasiyoikumbuka. Kwa hiyo mnaposema uhuru ulifika, ulifika kwa nani?

MamaVeronika

Waalaikum salaam, ndugu yangu. Allah amrehemu daktari. Koti lile najua lilikotoka: lilitoka kwa watu ambao wenyewe walipanga foleni ya karatasi ya chooni. Sikatai kwamba lilimfaa. Lakini mwenye kutoa hakuulizwa.

Na ukitaka kujua Mwafrika au Mvietnam aliishije, usiangalie mabango ya urafiki. Wavietnam waliletwa kwa mikataba ya kufanya kazi viwandani, 1989 kazi zikaisha, wengi wakabaki. Leo duka dogo la mtaa wangu linalofunguliwa mpaka usiku ni la mama wa Kivietnam, na watoto wake wanaongea Kicheki cha Brno kuliko mume wangu. Urafiki wa kweli wameutengeneza wenyewe, na haukutoka kwenye mfumo wowote.

Namibia ilipata uhuru 1990, na watoto wana nchi yao. Ila kwamba iliwauma, hilo nakubaliana nawe.

BwanaSheria

Turudi kwa Bata, maana LimuruDamu amesema mengi na jambo la msingi ameliruka. Mleta mada anadhani Bata alinyimwa kiwanda kwa sababu wakubwa wa zamani walijilinda. Sivyo.

Sheria za kurudisha mali walizotunga baada ya 1989 ziliweka mpaka: mali iliyochukuliwa kuanzia tarehe 25 Februari 1948, siku wakomunisti waliposhika dola yote. Kiwanda cha Bata kilitaifishwa Oktoba 1945, kwa amri za Rais Edvard Beneš, ambaye hakuwa mkomunisti. Kwa hiyo Bata yuko upande wa pili wa mstari.

Kwa nini mstari usirudi nyuma miaka mitatu tu? Kwa sababu mwaka 1945 na 1946 Chekoslovakia iliwafukuza Wajerumani karibu milioni tatu walioishi mipakani, na mali zao zikachukuliwa kwa amri za Beneš huyohuyo. Ukifungua mlango wa 1945 ili Bata apite, nyuma yake wamesimama Wajerumani milioni tatu na warithi wao. Nyumba za mipakani zina watu wengine tangu siku hizo. Hakuna mwanasiasa wa Kicheki, wa kushoto wala wa kulia, aliyekuwa tayari kugusa hapo.

Hawakukaa bure kuhusu makada pia. Oktoba 1991 walipitisha sheria ya uchujaji: aliyekuwa kigogo wa chama, afisa wa polisi ya siri StB au mtoa habari wake alizuiwa nafasi za juu serikalini. Mwaka 1993 wakatangaza kwa sheria kwamba utawala ule ulikuwa wa kihalifu. Unaweza kusema ni kidogo. Kusema hakuna kilichofanyika si kweli.

LimuruDamu

Sikuruka kitu. Sheria inayomwambia mtu "umeibiwa mapema mno, kwa hiyo hatukulipi" haiwezi kuitwa haki, hata ukiipamba kwa tarehe. Kumtwisha mshona viatu mzigo wa Wajerumani milioni tatu ni ujanja wa wanasiasa.

BwanaSheria

Nimeeleza sababu, sijaipigia makofi. Tofautisha.

Ngosha77

Mkimbiaji, neno "kukunja mkia" siliondoi, lakini nakubali kwamba walimsaga. Sasa naomba tuache viatu na medali, tuzungumze pesa, maana hapo ndipo wengi walipoumizwa na hapana mtu aliyepagusa.

Mwaka 1991 serikali ilitangaza kwamba mashirika ya umma yatagawiwa kwa wananchi kwa kuponi. Mtu mzima ananunua kijitabu na stempu yake, jumla koruna 1,035, karibu robo ya mshahara wa mwezi. Ndani ana pointi 1,000. Pointi anazibadilisha na hisa za kiwanda anachokitaka, au anazikabidhi kwa mfuko wa uwekezaji umchagulie. Fikiria mtu ambaye miaka 40 hajawahi kuona hisa, anaambiwa achague kati ya makampuni zaidi ya elfu moja akiangalia jedwali la gazeti.

Mwanzoni watu walisita. Ndipo akatokea Viktor Kožený, kijana wa miaka 20 na ushei aliyesoma Marekani, akaiita mifuko yake jina la Harvard ingawa chuo hicho hakikuhusika nayo, akatangaza kwenye televisheni kwamba ukimpa kijitabu chako, baada ya mwaka na siku moja atakulipa mara kumi. Watu wakakimbilia posta. Wimbi la kwanza lilifikia watu zaidi ya milioni 8 Chekoslovakia nzima. Kožený akaishia Bahamas, na mahakama ya Praha ikamhukumu akiwa hukohuko. Baadaye kukazuka msemo wa kufyonza kampuni kwa ndani mpaka libaki ganda, na msemo huo Wacheki wanautumia mpaka leo.

Hapo ndipo imani ilipovunjika. Watu waliotikisa funguo 1989 waliona waliosogea karibu na benki ndio walionunua nchi. Kuwaachia wakomunisti huru ni jambo dogo ukilinganisha.

MamaVeronika

Hilo la kuponi, Ngosha, umelisema kama lilivyokuwa. Kijitabu cha mama mkwe bado kipo, kwenye droo ya vitambaa vya meza. Kina kurasa ndogo zenye kuponi za kukatwa, na stempu imebandikwa kwa unadhifu. Pointi zake alizipeleka kwenye mfuko mmoja ambao sitautaja. Kwa miaka miwili mitatu alipokea barua zenye nembo nzuri, kisha barua zikakoma. Alipokwenda ofisini kwao alikuta duka la miwani.

Kinachomuuma si pesa. Ni kwamba jirani aliyekuwa akiuza bony mbele ya duka la Tuzex, zile hati za kununulia bidhaa za nje, jinzi na kahawa, kwa magendo huku polisi wanamwangalia, ndiye aliyekuwa na mtaji ilipofika 1991. Amenunua jengo la ghorofa katikati ya mji. Mama mkwe, mjane wa mtu aliyesema hapana, analipa pango.

Mwinyi_Pangani

Asante mama. Hilo ndilo nililokuwa nalisema tangu mwanzo! Walewale. Mkurugenzi wa kiwanda alikuwa mteule wa chama, anajua hesabu za ndani, anajua shirika gani lina mali na lipi ni deni tupu. Mchochea makaa anasoma jedwali gazetini. Mngewaondoa 1989, 1991 wasingekuwapo.

Ngosha77

Aliyeusimamia mpango mzima ni Václav Klaus, waziri wa fedha wakati ule, na Klaus hakuwahi kuwa mwanachama. Kožený alikuwa kijana tu. Mwuza bony wa Mama Veronika hakuwa kada, alikuwa mlanguzi. Umetaja kundi moja, umeambiwa majina ya kundi jingine, unashangilia.

Na Klaus huyohuyo kiangazi cha 1992 alikaa na Vladimír Mečiar wa Slovakia kwenye jumba la Tugendhat, hapohapo Brno, chini ya mti bustanini, wakagawa nchi. Tarehe 1 Januari 1993 watu wakaamka na mataifa mawili, bila kura ya maoni. Wanasiasa hao walichaguliwa kwa uhuru. Hakuna mkomunisti aliyewashikia bunduki.

MwanaWaDaktari

Hapo umesema, Ngosha. Baba alikuwa na rafiki Bratislava na rafiki Praha, akiwaandikia wote wawili. Kila mmoja alimwambia hakutaka nchi igawanywe. Mimi siwezi kuuita uhuru, kitu ambacho mwenye nyumba hakuulizwa.

Mkimbiaji_Iten

Waliachana bila kumwaga damu hata tone, mwaka ambao Yugoslavia watu walikuwa wanachinjana. Mnadharau vitu vikubwa jamani.

MamaVeronika

Kuna jambo nataka mleta mada alifikirie. Tarehe 4 Desemba 1989, kwenye roshani ya uwanja wa Václav, Praha, walisimama waimbaji wawili kuongoza wimbo wa taifa. Mmoja Karel Kryl, aliyekimbia 1969 na nyimbo zake zikapigwa marufuku miaka 20. Mwingine Karel Gott, aliyeimba kila mwaka kwenye televisheni ya serikali na mwaka 1977 alisimama hadharani upande wa serikali dhidi ya wale waliotia sahihi Mkataba. Umati uliwapokea wote wawili.

Kryl alivunjika moyo na mambo mapya mapema sana, akafa 1994. Gott alipofariki 2019 serikali ilitangaza maombolezo ya taifa, misa ikasomwa kanisa kuu la Mtakatifu Vitus. Mama mkwe alilia siku nzima. Mjane wa mchochea makaa anamlilia Gott! Nilimuuliza kwa nini. Akasema: nilikuwa nafua nguo na redio iko wazi, yeye ndiye alikuwamo.

Sasa wewe ungemwondoa Gott kwenye roshani. Ungemwondoa nani tena?

Mwinyi_Pangani

Ningemwondoa, ndiyo, na nasema bila kuona haya. Mwenye roshani siku ile alikuwa Kryl peke yake. Redio ilikuwa na Gott tu kwa sababu wengine walikatazwa kuimba, Marta Kubišová miaka 20 hakuruhusiwa jukwaani. Mama mkwe wako aliliwazwa na sauti iliyoachiwa nafasi ya wenzake.

Nikuulize na wewe: familia imewahi kuliomba faili la mzee? Nani alipeleka taarifa zake?

BwanaSheria

Kwa wasiojua: Desemba 1989 wakubwa wa StB waliamuru mafaili yaharibiwe, na mengi yalipotea. Yaliyosalia yako kwenye hifadhi maalumu ya nyaraka Praha tangu 2008. Mtu mzima anaandika ombi, analetewa kilichopo. Mwaka 1992 orodha ya majina ya watoa habari ilichapishwa kienyeji na mwanaharakati mmoja, ikavuruga familia nyingi, na baadhi ya waliotajwa wakashinda mahakamani kwamba waliandikwa bila kujua. Ukiona jina, hujaona bado alichofanya mtu.

MamaVeronika

Hatujaliomba. Mume wangu anajua pa kuandikia, ombi aliwahi kulijaza, mama yake akamwambia asilipeleke akiwa hai. Vibanda vya pale juu viko vinane kwenye kijito kimoja. Watu walewale wanaazimana ngazi na mashine ya kukata majani tangu miaka ya 70. Wawili kati yao ndio waliotuletea supu baba mkwe alipofariki.

Mwinyi_Pangani

Na kama ni mmoja wa hao wa supu?

MamaVeronika

Mama mkwe anajua kwamba huenda ni mmoja wao. Ndiyo sababu ya kukataa. Mume wangu naye ameshasema akifa mama yake atalipeleka ombi wiki ileile, na hilo tumeligombania mezani mara nyingi. Mimi niko upande wa mume.

Ngosha77

Mimi niko upande wa bibi.

Mwinyi_Pangani

Basi Ngosha niambie, huyo mtu wa supu akifa kabla hajaulizwa, nani atakuwa ameshinda?